Kapteni wa Safari Fupi

Mama Rubani alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kilikuwa chini kabisa ya jengo la ghorofa tatu, mlango wa kwanza ukiingia. Hapakuwa na mtu aliyepanda ngazi bila kuiona ramani yake. Ilikuwa ramani ya dunia nzima, imebandikwa ukutani juu ya cherehani, na kila mji ambao binti yake, rubani wa kampuni moja ya ndege, alifika, yeye aliuchoma pini ya kushonea yenye kichwa chekundu. Ndani ya miaka miwili pini zilikuwa zimefika kumi na saba. Mteja aliyekuja kupunguziwa sketi aliondoka na sketi yake pamoja na somo la jiografia.

Watu walizoea kumuuliza binti yuko wapi leo, wengine kwa kutaka kujua, wengine ili yaishe wachukue nguo zao waende. Naye alizitoa pini mdomoni, akautaja mji taratibu, huku akimtazama mtu usoni kuhakikisha umemwingia.

Mpaka hapo hakuna ubaya. Mzazi asipojisifia mwanawe atamsifia nani? Ubaya ulikuwa ghorofa ya tatu. Huko aliishi Mwalimu, mstaafu, shoga yake wa miaka ishirini, ambaye mwanawe naye alikuwa rubani wa kampuni ileile. Ila huyu alirusha ndege za miji ya karibu: saa moja kwenda, saa moja kurudi, na mchana yuko mezani kwa mama yake anaomba aongezewe mchuzi.

Mama Rubani alimhurumia kijana yule kwa moyo wote. Kuna watu wanaohurumia kimyakimya, lakini yeye hakuumbwa hivyo. Alisema mbele ya wateja kwamba ramani ya Kapteni, kama kijana yule alivyoitwa jengoni, ingetosha kwenye kitambaa cha mkononi. Kapteni alikuwa na mistari minne ya dhahabu mabegani, binti yake miwili, na mistari yote hiyo aliishona yeye kwa mkono wake. Aliihesabu, akatafakari, akakata kauli kwamba kampuni imemwongezea maskini yule miwili ya kumfariji.

Jumanne moja Mwalimu alishuka na mashati matatu ya kazi ya mwanawe yapanuliwe, maana chakula cha nyumbani kilikuwa kimemkolea. Mama Rubani alipoyatandaza mezani na kuona tumbo lilivyovionea vifungo, huruma ilimzidi.

"Mwalimu, wewe ni ndugu yangu," alisema. "Binti akirudi nitamwambia amsemee mwanao huko kazini. Na yeye wampe safari za maana."

Mwalimu aliitazama ramani kwa muda. Kisha akashukuru, akaomba kola zisiguswe.

Binti alifika Alhamisi asubuhi, anaburuta sanduku, na neno lake la kwanza baada ya shikamoo lilikuwa kuuliza leo siku gani. Alioga, akajitupa kitandani, akaamka saa saba mchana macho yamevimba. Mama yake alimpakulia, akasubiri ashike kijiko, ndipo akamweleza ahadi aliyompa Mwalimu.

Binti alicheka mpaka akashika mbavu. Alipoona mama yake hacheki, akaweka kijiko chini.

Akamweleza kuwa kila mwezi inatoka orodha ya safari, na marubani wanachagua kwa kufuatana na nani alianza kazi kabla ya nani. Kapteni ni wa tisa. Anachagua mapema, na wakubwa wenzake wanachagua kama yeye: safari za kwenda na kurudi, mtu akalale kwake. Kinachobaki kinashuka chini, kinashuka, mpaka kinamfikia yeye, wa mia mbili na kumi na mbili. Na kinachobaki ni zile za mbali, saa kumi na tatu hewani, siku tatu hotelini pazia limefungwa, mwili haujui kama ni asubuhi au jioni. Tena ndege ya mbali lazima ibebe marubani wa ziada ili wengine wapumzike, kwa hiyo wageni kazini huko ndiko wanakohitajika. Wakubwa wanarusha, wakubwa wanatua. Yeye anakalia kiti katikati ya safari, wenzake wakilala. Mara ya mwisho kutua alitua kwenye mashine ya mazoezi ya urubani, ndani ya chumba, bila abiria hata mmoja.

"Mbona hukuniambia?" mama yake aliuliza.

"Ulishachoma pini, Mama. Halafu nilikuwa sijaja nyumbani miezi mitatu. Nikaona bora unijivunie kuliko unililie."

Mama Rubani aliinuka kabla binti hajamaliza kula, na kwake hilo lilikuwa jambo la kuitia daktari. Aibu ilimvaa mwili mzima. Kila alichokuwa amesema juu ya kitambaa cha mkononi kilimrudia, neno kwa neno, na sauti yake ileile. Aliwaza kwamba kwa mdomo wake amempoteza shoga wa miaka ishirini. Akayakunja mashati, akapanda ngazi.

Alimkuta Kapteni jikoni anaosha vyombo, Mwalimu ameketi mezani. Kijana akamwamkia, akaondoka na taulo lake kwenda kuwapisha. Hotuba aliyoipanga Mama Rubani ngazi nzima ikamponyoka.

"Ulijua," alisema.

"Tangu siku ya kwanza," Mwalimu alijibu.

"Ukaniacha nipayuke miaka miwili?"

Mwalimu aliyapokea mashati, akayaweka kitini. "Wangu namwona kila siku, mpaka siku nyingine namfukuza akatembee. Wewe wako ulikuwa na ramani tu. Ningekunyang'anya ili iweje?"

Mama Rubani alilia hapohapo, wala hakujificha. Alipomaliza kupenga kamasi alimwita Kapteni, akamuuliza anastaafu lini. Kapteni akasema bado miaka ishirini na mmoja. Mama Rubani akamwambia hana haraka naye, ila siku ikifika asijifanye kasahau, kuna mtu anasubiri kusogea.

Aliposhuka, mteja alikuwa mlangoni amefuata gauni lake. Gauni lilibakiza upindo tu, kazi ya dakika tano. Mama Rubani alikaa kwenye cherehani, akabana pini mdomoni, akaweka mguu kwenye pedali, kisha akauondoa. Kupitia pazia la chumba cha ndani ilisikika pumzi ya mtu aliyerudi kulala.

Mteja aliinua macho kwenye ramani, akauliza kama kawaida binti yuko wapi leo.

Mama Rubani alizitoa pini mdomoni, akamtazama usoni.

"Yupo nyumbani, amelala," alisema taratibu. "Gauni njoo kesho. Hii mashine ina kelele."