Kichwa Kilichosukwa Nusu

Msusi alipofika katikati ya kichwa cha mdogo wake, aliweka kitana mezani akakunja mikono.

"Nusu iliyobaki nitakusuka ukitoka kupima."

"Dada, una wazimu? Nitapitaje barabarani hivi?"

"Jifunge kitambaa."

Wateja waliokuwa wakingoja zamu wakaangua kicheko, lakini msusi hakuwa na utani. Mama yao alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi, na nyumbani ikasemwa ni tumbo tu, maana kwao kutaja sehemu zile mbele za watu ilikuwa aibu kuliko kifo chenyewe. Ukweli ulimtoka shangazi yao juzi tu, tena kwa kubanwa. Tangu hapo usingizi wa msusi uliingiwa na mdudu. Mdogo wake naye kila akihimizwa kupima hakosi udhuru: leo mtoto, kesho mvua.

"Haya, naenda," mdogo mtu akasema, akikaza kitambaa kwa hasira. "Na wewe ulipima lini?"

Msusi akaanza kupanga rasta zilizokwisha kupangwa. Ukali wote ule, jamani, ulikuwa woga mtupu.

Mdogo wake akamshika mkono. "Twende wote."

Kliniki, muuguzi aliwapima mmoja mmoja. Alipaka mlango wa kizazi majimaji yenye harufu ya siki, akasubiri kidogo, akamulika. Mdogo mtu alikuwa salama. Kwa msusi yakaonekana madoa meupe.

"Ndiyo nakufa?"

"Hufi, dada. Hiyo bado si saratani, ila ukiiacha miaka inaweza kugeuka. Wanaotuvunja moyo ni wanaokuja wakiwa hoi. Wewe madoa haya tunayachoma sasa hivi kwa joto, unarudi kwako kwa miguu yako."

Msusi alitoka akijishika kiuno. Mdogo wake akaruka kutoka kwenye benchi.

"Wamesemaje?"

"Wameniona na madoa. Wameshayatibu."

"Mara hii? Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu," msusi akasema, na hapo akashindwa kujizuia. Aliketi akalia kwa sauti mbele ya watu wote.

Muuguzi akatoka mbio. "Maumivu yamezidi?"

"Hapana," mdogo mtu akajibu, naye machozi yakimtiririka. "Anamlilia mama."