Nusu za Pili

Mtu akiniuliza napenda vitabu gani, namjibu: nusu za kwanza. Kaka yangu Aganze na mimi tulipenda riwaya, na hatukuwa na subira ya kungojana. Kila tuliyonunua soko la Kadutu tuliikata katikati kwa kisu cha maman. Mimi nilisoma mwanzo, yeye mwisho, kisha tulisimuliana tukimenya mihogo. Katika masimulizi yake watu wote walirudi nyumbani. Nilimwamini.

Aganze alienda Shabunda kuchimba dhahabu, akabeba nusu zake zote. Wiki iliyopita tonton Bisimwa, mjomba aliyekuwa akichimba naye, alizileta ndani ya gunia. Shimo lilimwangukia Aganze, wakamzika hukohuko.

Nimezisoma zote. Mwalimu ambaye Aganze alisema alioa, alifia gerezani. Msichana niliyeambiwa alivuka mpaka, hakuvuka. Hakuna hata mmoja aliyerudi.

Jana tonton alikuja tena kutupa pole.

"Maman, mutoto hakuteseka," alisema. "Alikufa mara moja."

Maman aliitikia, akafuta machozi. Mimi nilimtazama tonton usoni, naye akainamia kikombe chake cha chai. Alisimulia vizuri, kama Aganze.