Groto Iliyofika Shituru

Jumamosi ya hija, alfajiri, Wakatoliki wa Likasi walikusanyika Shituru, mbele ya geti la kiwanda cha shaba, kila mmoja na chupa yake ya maji na viazi vitamu vya kuchemsha. Wangetembea hadi kwenye groto ya Bikira, pango dogo la mawe ambalo wazee wa parokia walilijenga kilimani, njia ya Mulungwishi. Albertine alifika kabla ya wote. Hakuja kwa ajili ya Bikira. Alikuja kwa ajili ya miguu ya Édouard.

Édouard alikuwa mkubwa wa Chama katika kambi ya wafanyakazi (mwaka ule wa sabini majina ya Kizungu yalikuwa hayajapigwa marufuku, na mkubwa wa Chama bado aliruhusiwa kuitwa Édouard). Alikuwa mtu wa tumbo kubwa na maneno makubwa zaidi. Mwezi uliopita alikuwa akihutubia, na Séraphin, mtoto wa Albertine, fundi wa mitambo, akacheka. Wakamtupa kasho, jela ya kambi. Albertine alipokwenda kumlilia, kulikuwa na watu, na mbele za watu Édouard hupenda kuonekana mtakatifu. Akaapa:

— Siku miye nitafika ku groto na maguu yangu, mutoto wako atatoka.

Sasa alishuka garini, rozari shingoni juu ya beji ya Chama, akachukua nafasi ya mbele kabisa kama kawaida yake. Wimbo ukaanza, watu wakatembea. Édouard naye akatembea, ila ardhi ilikataa kumpeleka. Alinyanyua mguu, akautua, akanyanyua wa pili, na bado alikuwa mbele ya geti lile lile. Mahujaji walimpita mmoja mmoja, wakimsalimu.

— Inafikiaka bantu, alisema katekista Germain bila kugeuka.

Mwaka uliotangulia jambo hilo lilimpata muuza unga mmoja.

Albertine alibaki nyuma, akaweka adabu pembeni na kumsukuma mgongoni kwa mikono miwili. Hakusogea.

— Mama, usinisukume, Édouard alisema. Tuko karibu kufika.

Albertine akamwacha na kuwafuata wenzake.

Mchana walifika kilimani. Albertine alipiga magoti akaiombea ile miguu minene. Basi Albertine akavua kitenge cha kichwani, akakiviringa ngata, akang'oa jiwe la kwanza la groto. Wanawake wakaelewa. Kila mmoja alijitwika jiwe, wanaume wakabeba mabegani, na Bibiane, muuza samaki, akamfunga Bikira mgongoni kwa kitenge jinsi anavyobebwa mtoto. Germain alibeba mshumaa, kwa sababu alikuwa na cheo.

Jua likielekea kuzama walimkuta Édouard palepale, anatembea, soli za viatu zimekwisha. Wakapanga mawe mbele yake, wakamrudisha Bikira ndani. Guu la Édouard likagonga jiwe, naye akasimama. Alipiga ishara ya msalaba polepole, ili wote waone.

— Bwana chef, umefika, alisema Albertine. Naomba mutoto wangu.

Édouard alijifuta jasho.

— Mama, usikie muzuri. Nilisema miye nitafika ku groto. Leo groto njo ilifika kwangu.

Watu wakatazama chini. Germain alikohoa, akasema kwamba kwa kweli, ukiyapima maneno yenyewe, chef hakudanganya. Édouard akapanda gari lake, nalo likaondoka bila taabu.

Kesho yake padri alisomea misa palepale getini, maana chef alikwisha kuagiza kwamba tangu sasa hija itaishia Shituru. Albertine hakungoja baraka. Alipeleka bukari, ugali wa mahindi, kasho, askari akaonja kwanza, tena kwa mkono mzima. Séraphin aliuliza kupitia kidirisha:

— Mama, chef alifika?

— Bado, mwana wangu. Kula, bukari ingali ya moto.