Sakafu ya Nasimiyu

Miezi mitano Nasimiyu alilala jikoni pamoja na kuku, na bado walikuwapo watu wa kumwambia avumilie. Avumilie nini tena? Tangu mwezi wa pili wa mwaka ule wa arobaini na tisa, mumewe Jairus alipotuma habari kutoka Kitale kwamba nyumba yao ivunjwe upande mmoja, iongezwe chumba, itobolewe madirisha, na mwishowe nyasi za juu zitolewe yawekwe mabati, hakuna kitu katika boma lile kilichobaki mahali pake. Kabati la vyombo lilihamia chini ya ghala la mahindi. Kitanda kiliegemezwa ukutani nje kama mlevi. Chokaa iliingia kwenye uji, udongo ukaingia kwenye nywele, na yeye na binti yake Dinah na mama mkwe wake Edah wakabanana watatu katika kijumba cha jiko cha duara ambamo mtu akinyoosha mguu anamwaga mboga.

Jairus je? Jairus alikuwa zake Kitale, seremala kwenye shamba la mzungu, akipiga randa mchana kutwa na kulala penye paa lisilovuja. Mwisho wa mwezi alikuja siku moja, akaizunguka nyumba mikono nyuma, akasema inapendeza, akarudi. Ati inapendeza! Nani aliyekanyaga udongo wa kuta zile kwa miguu yake? Nani aliyepanda na maji kutoka mtoni mpaka utosi ukaota sugu? Nasimiyu alikuwa na jibu lake, lakini alilimeza, maana kilikuwapo kitu kimoja alichokitaka kuliko kulumbana.

Alitaka nyumba ambamo hakuna mtu angemtoa. Tangu aolewe alikuwa amehamishwa mara mbili. Nyumba ya kwanza alimwachia mdogo wa mumewe, Wekoye, alipooa, kwa sababu ukoo ulisema ndivyo inavyofaa. Ya pili ilibomolewa mashamba yalipogawanywa. Hii ya tatu alijiapia kwamba atatoka humo akiwa amebebwa. Kwa ajili hiyo alikula chokaa miezi mitano akanyamaza.

Mwanzo wa mwezi wa saba, kazi ikiwa ukingoni, Jairus akamleta rafiki yake Gichuki aje aezeke. Gichuki alikuwa Mkikuyu aliyekulia kwenye mashamba ya huko Kitale, fundi mwenye mkono mwepesi, ila haraka yake ilipita kiasi.

Sasa sikiliza. Juu ya kila nyumba ya nyasi katika nchi ile, pale kileleni kabisa, husimama kijiti. Hakizuii mvua wala hakishiki paa, lakini kila mtu anajua kukisoma. Kikiwapo, mwenye nyumba yu hai. Akifa, ukoo hukitoa, na anayepita njiani akitazama juu hana haja ya kuuliza. Ndiyo maana nyasi zikitaka kubadilishwa, mwenye nyumba mwenyewe hupanda akakitoa kwa mkono wake, watu wakimwona. Jairus alilijua hilo tangu hajaota meno. Lakini Jairus alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa suruali ndefu, akaona haya kumweleza rafiki yake mambo kama hayo. Alimwambia tu kwamba ile sehemu ya juu aiache mpaka yeye aje Jumamosi. Kwa nini? Hakusema. Aibu ya bure ya mwanamume mmoja, na tazama ilivyomletea mkewe balaa.

Siku ya Alhamisi Nasimiyu alitumwa Bungoma kununua bawaba za mlango. Huku nyuma Gichuki akatazama mlima Elgon, akaona wingu, akahesabu kwamba akingoja mpaka Jumamosi kuta mpya zitalowa zote. Akapanda. Akazishusha nyasi zilizobaki, na kijiti akakishusha nacho.

Nasimiyu alisikia vilio akiwa bado ng'ambo ya kijito. Akawaza ni kwa nani. Alipofika kwenye mwinuko akaona ni kwake. Wanawake walikuwa wanatiririka kutoka pande zote, mikono kichwani, na mmoja akamkimbilia akamkumbatia, akamwambia Baba Dinah ametuacha. Bawaba zikamdondoka. Alipiga yowe ambalo hakujua kama linatoka kwake, akaketi chini palepale kwenye matope, na kwa muda usiozidi wa kumenya kiazi Nasimiyu alikuwa mjane. Uchungu wa muda ule hakuusahau mpaka anazeeka, na hakumsamehe mtu yeyote kwa ajili yake.

Halafu akili ikarudi. Akauliza nani ameleta habari. Huyu akamtazama yule, yule akamtazama mwingine, mwisho wote wakaonyesha juu ya nyumba. Nasimiyu akatazama. Akasimama, akaenda moja kwa moja kwa Gichuki, aliyekuwa amevua kofia na kubaki ameduwaa katikati ya waombolezaji, akamwuliza mti wa juu uko wapi. Fundi akamwonyesha pipa la chokaa. Alikuwa anautumia kukorogea chokaa.

"Mimi niliona ni mti mkavu tu, mama," akasema. "Mabati haitaki mti."

Wengi walielewa hapohapo. Wengine wakacheka, wakafuta macho, wakaanza kurudi makwao wakimwambia Nasimiyu pole na pongezi kwa pumzi moja. Na mambo yangeishia hapo, kama si Wekoye.

Huyu Wekoye aliishi ng'ambo ya kijito, hatua mia mbili, katika nyumba ileile aliyoachiwa. Miezi mitano yote hakuwahi kubeba hata donge moja la udongo. Mara mgongo, mara wageni, mara amekwenda Kapsokwony kwa wakwe. Siku hiyo alikuwa wa kwanza kufika, na kilio chake ndicho kilichokuwa kikubwa. Alipoambiwa kosa la fundi akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu mzima. Akasema mti kama ule hautoki bure. Akasema mjane hukataa siku za mwanzo, ni kawaida. Akamtuma jirani mwenye baiskeli aende Kitale akahakikishe, na yeye mwenyewe, kwa tahadhari tu, akaletewa kiti akaketi mlangoni.

Mlangoni pa nani? Nasimiyu alikuwa bado anajiuliza hivyo, Ijumaa asubuhi, alipokuwa nje akipaka chokaa chini ya dirisha ambalo halijatiwa mbao, akasikia nyayo ndani. Walikuwa Wekoye na mkewe Agneta, wanapima vyumba kwa hatua. Kile cha upande wa barabara, Wekoye alisema, kitafaa cherehani na duka dogo. Kile kikubwa watalala wao. Mama Edah atabaki alipo. Agneta akauliza, kwa sauti ya chini, na huyu mwenyewe je?

"Shemeji hana shida," Wekoye akajibu. "Jikoni ameshazoea."

Ala! Nasimiyu alishika brashi mpaka chokaa ikamchuruzika kwenye kiwiko. Kwa hiyo ndivyo ilivyo? Kumbe miezi ile mitano ya moshi na kuku ilikuwa mazoezi! Mume hajafa, hata homa hana, na tayari kuna mtu anapanga pa kuweka cherehani. Alitaka kumtupia ndoo nzima. Hakumtupia, kwa sababu alitaka kwanza Jairus aje ayasikie, na alikuwa na hakika, maskini, kwamba Jairus akiyasikia atawaka moto.

Jairus alifika alasiri hiyohiyo juu ya lori la mahindi, mzima kama ng'ombe, vumbi mpaka kwenye kope. Ikawa vigelegele. Wekoye alimkumbatia kaka yake akalia tena, na yaelekea safari hii alilia kweli. Jairus alicheka mpaka akashika mbavu. Alimcheka Gichuki, akajicheka mwenyewe, akaagiza kuku wawili wachinjwe kwa ajili ya watu waliomlilia, na wa kwanza kupewa paja alikuwa nani? Wekoye.

Nasimiyu alimngoja mumewe kando ya jiko akamweleza neno kwa neno. Vyumba, cherehani, jikoni ameshazoea. Jairus alisikiliza huku akichokoa meno. Akasema Wekoye ni ndugu yake, watu walikuwa na majonzi, na mtu mwenye majonzi husema ovyo. Nasimiyu akamwambia hapakuwa na majonzi, palikuwa na hatua, alizihesabu. Ndipo Jairus akaacha kucheka, akanena kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto.

"Mama Dinah, siku nikifa kweli, si ndivyo itakuwa? Wewe ulitaka ukoo upatie nani hii nyumba? Posta?"

Alimgusa bega akarudi kwa wageni. Nasimiyu akabaki pale. Maneno ya Wekoye yalimkasirisha. Haya ya Jairus yalimvunja, maana hayakuwa na ubaya wowote ndani yake. Mume wake alimpenda, na kwa mapenzi yake yote alikuwa anamjengea Wekoye.

Jumamosi kabla ya adhuhuri Gichuki alipiga msumari wa mwisho. Mabati yaling'aa ukayaona kutoka stesheni. Milango ilifunga, kuta zilikuwa nyeupe, na Jumapili baada ya ibada kanisa zima lilikuwa linakuja kuiombea nyumba. Ilibaki sakafu tu. Udongo laini umechekechwa, mavi ya ng'ombe yako tayari, maji yamejaa mtungi. Na kusiriba sakafu ni kazi ya mwenye nyumba wa kike. Akiwa hai na ana mikono, hakuna mwanamke mwingine wa nchi ile atakayeingia kumsiribia, hata umbembeleze vipi. Saruji wakati huo ilikuwa ya wazungu na maofisi.

Nasimiyu alinawa mikono, akakalia kinu, akaanza kuchambua maharagwe.

Mwanzoni Jairus alidhani amechoka. Saa sita akauliza sakafu. Mkewe akajibu kwamba amwite Agneta, yeye ndiye atakayelala kwenye chumba kikubwa. Agneta aliposikia akaenda zake haraka na uso chini. Jairus akamfuata mama yake. Bibi Edah, ambaye tangu Alhamisi hakuwa ametia neno, alimwuliza kama ana wazimu, yeye aingie kusiriba nyumba ya mke wa mtu. Gichuki akajitolea, na kila mtu akajifanya hakusikia. Kufikia alasiri Jairus alikuwa amesimama mbele ya mkewe, jasho kipajini, akiwaza kanisa zima likipiga magoti kwenye vumbi na vipande vya mbao.

"Unataka nini?" akauliza.

"Waite ndugu zako. Simama mlangoni, useme ukifa nyumba hii ni yangu, na hakuna wa kunitoa."

Jairus akarudi nyuma hatua moja. Alisema haiwezekani. Mtu hataji kifo chake kwa kinywa chake, ni kukiita. Mzee wa kanisa huyo, aliyeona haya ya kijiti! Nasimiyu aliweka ungo chini.

"Wameshakulilia kijiji kizima na hukufa," akasema. "Unaogopa nini tena? Sema."

Akauinua ungo, akaendelea kuchambua. Jairus alizunguka nyumba mara mbili, mikono nyuma kama kawaida yake, ila safari hii hakusema inapendeza. Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa Uganda alipomwita Wekoye, akawaita wajomba wawili na majirani waliokuwa wamebaki kwa ajili ya supu. Alisimama mlangoni. Sauti yake ilitoka nyembamba mwanzoni, akakohoa, akaanza upya. Akasema, mimi Jairus, nikiwa hai na akili timamu, siku nitakapokufa nyumba hii ni ya Nasimiyu. Mabati yake, milango yake, na kiwanja ilichosimamia. Anayetaka kumtoa, mimi nikiwa kaburini, huyo si ndugu yangu.

Mjomba mmoja aliguna. Wekoye alicheka kidogo, akatazama huku na huku kutafuta wa kucheka naye. Akasema kaka amerogwa na mwanamke, na kwamba neno kama hilo halijawahi kusemwa katika ukoo huu tangu dunia iumbwe.

"Halijawahi," akasema Jairus, na jasho linamtoka. "Leo limesemwa."

Nasimiyu hakungoja kuambiwa. Alifunga leso kiunoni, akachanganya udongo, akaingia chumba kikubwa akapiga magoti kwenye kona ya mbali. Hasira ilikuwa haijaisha, na mistari ya kwanza ilikwenda upande. Nje aliwasikia wanaume bado wanabishana. Ndipo mwanga wa mlangoni ukazibwa. Alikuwa bibi Edah, amekunja mikono ya gauni mpaka kwenye mabega yake makavu. Nasimiyu alitarajia matusi, maana Wekoye alikuwa kitinda mimba wake. Nasimiyu akamwuliza mkwewe kama hajui kwamba ni mwiko kumsiribia mwenye nyumba aliye hai.

Mama mkwe alipiga magoti kwenye kona nyingine, akachota udongo.

"Katika maisha yangu nilisiriba nyumba nne," akasema. "Baba yao alipokufa, ndugu yake alinitoa kwenye ile ya nne siku ya tatu, na maziwa bado yako kwenye kibuyu. Hao wanangu wawili nje walikuwa wamesimama wanaona. Nisogezee maji."