Jina la Askari wa Mori

Mtu akicheza vibaya kwenye banda langu la gemu, naumia mimi. Ndivyo nilivyo, na wateja wangu wa hapa Manundu wameshanizoea: nasimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni, nasonya, mpaka mtu anageuka na kuniambia, "Mzee Hiza, kaa basi ucheze wewe." Metito peke yake hakuwahi kugeuka. Alikuwa anakuja siku anazoshuka Korogwe kununua dawa za ng'ombe, akitokea kwao kwenye mbuga za Handeni. Anaegemeza fimbo ukutani, anakaa kwenye kompyuta ya dirishani, anashindwa, anaondoka.

Alikuwa akishindwa kwenye gemu ile ile, ya vita vya kale vya watu wa kaskazini ya mbali kwenye theluji, wenye ngao za mviringo na mashoka. Ukichagua jeshi lao unapewa kikosi kimoja ambacho hapa bandani tunakiita askari wa mori. Hawana ngao, hawana vazi la chuma, wako kifua wazi. Mori ukiwapanda hawasikii amri ya mtu, na wanachokifikia hakibaki kimesimama.

Nilimfundisha Metito namna ya kuwatumia, tena si mara moja. Usiwaweke mbele, mishale itawamaliza kabla hawajagusa mtu. Usiwaweke mahali wanapomwona adui, wakimwona wanaondoka bila ruhusa yako. Wafiche nyuma ya miti. Wenye ngao ndio watangulie, wapokee mishale na washikane na adui mpaka achoke. Wapiga upinde wake wakiishiwa, hapo unawaachia wa mori kutoka ubavuni.

"Nimeelewa, mzee," Metito aliniambia. "Ng'ombe mwenye kiu akinusa maji hasikii fimbo. Unamkalisha mbali na kisima mpaka zamu yake ifike."

Nikafurahi, nikajua nimepata mtu. Kumbe zamu yenyewe haifiki. Wenye ngao wake wanapigana mpaka wanakwisha, wa mori wamesimama tu nyuma ya miti, na adui akianza kuwasogelea Metito anabonyeza kukubali kushindwa. Mpinzani wake alikuwa Jaya, binti wa Mzee Lalji mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara. Jaya ni mpole wa maneno, lakini ukimpa wapiga upinde hana huruma. Naye alifika mahali akachoka kushinda.

"Kaka Metito, wale wako wa msituni ni mapambo?" alimuuliza siku moja.

"Wako kwenye alalili," Metito akajibu.

Alalili, kwa wafugaji, ni malisho yanayotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama na wanyama wanyonge. Mtu mzima na akili zake amechukua askari wakali kuliko wote akawaweka kwenye malisho ya ndama. Nilisonya mpaka Jaya akavua hedifoni. Nikamsogeza Metito, nikainama kwenye skrini nimwoneshe kazi, na nilipobofya kile kikosi nikaona kiongozi wao amepewa jina. Gemu inaruhusu, vijana wengi huwapa askari wao majina ya wachezaji mpira. Huyu aliitwa Parit.

"Parit ndiye nani?"

"Ndugu yangu. Baba mmoja, mama mmoja," alisema Metito. "Na ndivyo alivyo. Akikasirika anatupa rungu, anakwenda na mikono yake."

Akanieleza taratibu. Parit alikwenda kusini kuswaga ng'ombe wa watu, na tangu mwaka juzi simu yake haipatikani. Waliokwenda kumtafuta walirudi na maneno yasiyolingana. Sasa wazee wa ukoo walitaka kulifunga jina lake. Kwao aliyekufa hatajwi jina nyumbani, na wazee waliona kusubiri kunamtesa mkewe, Nemayian, na watoto. Bora Parit ahesabiwe amekufa, maisha ya boma yaendelee. Walipanga kukaa mwezi mchanga ukionekana. Baada ya kikao hicho Metito asingeweza tena kumwita ndugu yake kwa jina.

"Na mama yenu anasemaje?"

"Yeyo, mama yetu, hasemi kitu. Hajawakatalia wazee, na jina lenyewe hajalitaja tangu wameanza hayo maneno. Macho yake yanaingia ukungu, Nemayian anambembeleza akapimwe huku mjini, hataki. Anasema hana anachongoja kuona."

"Kwa hiyo unakuja kwangu kulitaja."

"Hapa hakuna mzee wa kunizuia."

Nilimhurumia, na nilijiona mjinga na misonyo yangu. Lakini mdomo wangu haujui kunyamaza, na nilichokuwa nakijua kilikuwa kweli.

"Metito, hapo msituni hayuko salama," nilimwambia. "Wenye ngao wakiisha, Jaya anamfuata huko huko, anamzingira. Anakufa kila mara, ila wewe unakimbia kabla hujaona. Ukimwachia kwa wakati wake anaweza kupona. Ukimficha haponi."

Metito alichukua fimbo yake na dawa za ng'ombe akaenda zake, nami nikajua nimempoteza mteja.

Safari iliyofuata alikuja na mama yake. Nasinkoi ni mama mrefu, mwembamba, na alisimama mlangoni akiwa amekunja uso kama mtu aliye juani.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia. Jaya naye akamwamkia, akamwachia kiti chake.

"Marahaba, wanangu."

"Nilimweleza kuhusu hii gemu," Metito akasema. "Amesema nimlete. Hospitali bado hataki."

"Huyo mtoto yuko wapi?" mama akauliza. Jina hakulitaja.

Metito aliwasha, akamwonesha kwa kidole. Nasinkoi akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo.

"Mbona hana shuka? Wenzake wamevaa."

"Hawa hawavai, yeyo."

"Na kwa nini amesimama na miti, wenzake wakienda vitani?"

Metito akanitazama. Mimi nikanyamaza, jambo ambalo Jaya ananitania nalo mpaka leo.

"Huyu hajawahi kukaa nyuma," mama alisema. "Mwache aende."

Jaya alinitazama, akitaka kujua kama alegeze mkono. Nikatikisa kichwa. Kumdanganya mama wa watu kwenye jambo hili ingekuwa aibu.

Metito alicheza kwa mara ya kwanza vile nilivyomfundisha. Aliwapeleka wenye ngao, akawaacha wapokee mishale, akangoja. Nilimwona anataka kubonyeza, akajizuia. Mishale ya Jaya ilipokwisha, akawaachia wa mori kutoka ubavuni. Walishuka wote kwa pamoja. Jaya aligeuza mikuki yake haraka, wengi wa vifua wazi wakaanguka, na mimi nikamtafuta yule mmoja nisimwone. Nasinkoi alishika ukingo wa meza. Kisha jeshi la Jaya likavunjika, likakimbia, na wa mori wakalifukuza mpaka mwisho wa ramani.

"Wanakwenda wapi?" mama akauliza.

"Mori haujawashuka, mama," nilimwambia. "Kwa sasa hawasikii. Adui akiwapotea machoni ndipo watasikia."

"Wakiitwa wanarudi?"

"Wanarudi."

Adui wa mwisho alipotea. Waliobaki walisimama kwenye theluji, wachache, wamechoka, na juu ya kichwa cha mmoja wao kulikuwa na lile jina. Metito aliweka kidole kwenye kipanya lakini hakubonyeza. Alimtazama mama yake.

Nasinkoi akainuka. "Parit," alisema. Kisha kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, "Parit, njoo nyumbani."

Metito akabonyeza. Yule mtu mdogo akageuka, akaanza kutembea kurudi. Jaya alikuwa analia na mimi nilikuwa nalia, na wateja waliokuwa wakingoja kiti hawakuuliza zamu yao. Mama alisimama mpaka alipomwona amefika kambini.

"Wazee wakikaa," alimwambia Metito, "uwaambie mama yake amelitaja jina, mchana, mbele za watu. Anayetaka kulifunga aje kwanza anioneshe mahali mwanangu alipolala."

Akajitanda shuka lake vizuri, akamshika mwanawe mkono.

"Sasa nipeleke wakayapime hayo macho. Akija nataka nimwone mwenyewe."