Mwanamke Aliyeongea Nyuma ya Kamera

Mama alifariki mdogo wangu wa mwisho akiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, kwa hiyo nilibaki na mama wa kukumbuka. Yeye alibaki na picha mbili za ukutani na maneno ya watu. Tunamwita Kitinda mpaka leo, ingawa ana miaka thelathini na mmoja na anafundisha hesabu watoto wa wenzake. Siku moja alikuja kwangu, akakaa jikoni kumenya vitunguu ambavyo sikumwomba amenye, kisha akauliza, "Dada, Mama alikuwa na sauti gani?"

"Sauti ya kawaida tu."

"Nyembamba? Nzito?"

Nikaitafuta kichwani. Nilikumbuka mikono ya Mama, sabuni yake, hata alivyokuwa akivua viatu bila kuinama, kimoja kwa ncha ya kingine. Sauti ilikuwa imetoroka, sijui lini, wala haikuaga. Nilimwambia Kitinda aache vitunguu vyangu, nikaenda bafuni nikafungua maji, nikalia.

Ndipo nikazikumbuka kanda. Mwaka ule alipozaliwa Kitinda, baba yetu mdogo alituachia kamera yake ya video aliposafiri, na Mama akaing'ang'ania. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, hata Baba. Ndiyo maana Mama haonekani kwenye kanda hata moja, lakini alikuwa haachi kuongea huku anapiga. Baada ya msiba Baba alizifungia kanda kabatini, na mpaka naye tukamzika hakuna aliyethubutu kuziulizia. Zilikuwa nne. Nilimwambia Kitinda, "Sauti ya Mama utaisikia. Nakuahidi." Nina tabia hiyo, ya kuahidi kwanza na kufikiri baadaye.

Fundi niliyeelekezwa wanamwita Mzee Rewaindi. Chumba chake kimebanwa kati ya duka la fotokopi na saluni, na ndani mna deki za zamani zimepangwa mpaka dari, zote mbovu isipokuwa moja. Ujana wake aliumalizia kwenye kupiga video za harusi. "Nusu ya niliowapiga wameshaachana," aliniambia, "lakini picha zao bado zinang'aa." Akazikagua kanda zangu moja moja, akizinusa kama mtu anayenunua samaki. Tatu zilikuwa zimeliwa na ukungu mpaka ndani. Ya nne akaigeuza mara mbili mbili.

"Hii bado inapumua, bosi. Nitaicheza, kompyuta inadaka, halafu naihariri. Lakini kanda haina njia ya mkato. Saa moja yake ni saa moja yangu."

"Basi isafishe vizuri," nikamwambia. "Na hicho kikombe cha chai kitoe juu ya deki. Mtu mzima hukaa hivi? Vumbi lote hili, halafu unashangaa mashine zinakufa!"

Akacheka, akatoa kikombe. Neno "safisha" akaliandika kwenye karatasi na kulipigia mstari. Mimi nilimaanisha ukungu. Kila nilipopita wiki ile kuulizia, nilimfokea kwa hili au lile, naye akanivumilia. Mdomo wangu hauna breki, najua. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu hutoka kwa njia hiyo.

Jumamosi tulikaa kwa Kitinda, flashi ikachomekwa kwenye televisheni. Ikatokea nyumba yetu ya zamani, rangi zote zimerudi. Baba anaosha baiskeli, ana nywele! Mimi nafagia uani, miguu mirefu kama korongo. Kitinda amekalishwa kwenye beseni, anapiga maji kwa viganja. Midomo yote ilikuwa inachekacheka, na juu ya midomo hiyo, mwanzo hadi mwisho, kilikuwa kinalia kinanda. Kinanda cha harusi. Tulisubiri kiishe. Hakikuisha mpaka picha zilipoisha.

"Picha ni nzuri," akasema Kitinda, kwa sauti ya mtu anayeshukuru kwa gauni lisilomtosha. Kisha akainuka kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Jumatatu asubuhi nilifika kwa Mzee Rewaindi kabla hajamaliza kufungua mlango. Sikusalimia.

"Sauti iko wapi?"

"Sauti gani, bosi?"

"Sauti ya kwenye kanda! Nani alikutuma uweke kinanda?"

"Ah, ile." Alifurahi kabisa, maskini, alidhani nimekuja kusifia. "Kulikuwa na mwanamke nyuma ya kamera. Anaongea, anaongea, hapumziki. Anaharibu picha yote. Nikamfuta."

Nilishika ukingo wa meza yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi na yote yalinipotea. "Yule ni mama yangu," nikasema. "Alikufa miaka thelathini iliyopita. Yeye ndiye niliyekuja kumtafuta hapa."

Mzee Rewaindi akakaa. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Mimi nilidhani ni wewe," akasema.

"Mimi? Kanda ya miaka ile?"

"Sikupiga hesabu ya miaka. Nilisikia tu anavyofoka, toa kile, sogeza hiki, mtu mzima hukaa hivi, nikasema, huyu si yule bosi wangu wa kila siku? Nikaona aibu kukurudishia makelele yako mwenyewe. Nikasema nikusitiri."

Ningekuwa na nguvu ningemcheka, au ningemrushia deki. Nilimuuliza kama kompyuta yake bado ina ile sauti, akatikisa kichwa. Kazi ikishachukuliwa huwa anafuta ya awali, kompyuta yake ni nzee na haina nafasi. Maji yaliyomwagika hayazoleki. Lakini kanda yenyewe alikuwa nayo, na akaniambia ukweli wake bila kuupaka sukari. Mara ya kwanza ilipocheza iliacha unga wa kahawia kwenye kichwa cha deki. Utepe ulikuwa unabanduka. Ingeweza kucheza mara moja zaidi, au nusu ya mara moja. "Deki ikiila, imeila," akasema. "Sitakudanganya."

Nikampigia Kitinda. Alikuwa na kipindi cha pili. Alikiacha kwa mwalimu mwenzake, akafika na chaki bado mkononi.

Mzee Rewaindi alisafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, akapunguza feni, akafunga mlango ili kelele za saluni zisiingie. Safari hii hakugusa kitu kingine. Akabonyeza.

"Wewe! Usiangalie huku," ikasema sauti. "Fagia tu kama vile sipo."

Kitinda akanishika mkono. Mimi sikusikia sauti yangu hata kidogo, na nani anaijua sauti yake? Nilisikia msichana. Hicho ndicho kilichoniumiza, kwamba Mama alikuwa mdogo vile. Nimeshamzidi miaka kumi, na nilikuwa nimemtunza kichwani kama mtu mkubwa ambaye angerudi kunishika mkono, kumbe nilikuwa naomba msaada kwa mwanamke kijana mwenye watoto wengi na usingizi kidogo. Nilimtamani kuliko siku tuliyomzika. Siku ile sikujua ninachopoteza.

Akamfokea Baba kwa kupoteza maji. Akacheka peke yake kwa jambo ambalo hatukuliona. Kisha mtoto akalia, picha ikayumba, na kamera ikawekwa chini. Tukabaki tunatazama mguu wa meza na nusu ya beseni. Sehemu hiyo Mzee Rewaindi alikuwa ameikata yote, kwa kuwa hakuna fundi anayemwachia mteja mguu wa meza.

"Haya, haya, nimekuja," ikasema sauti, sasa kwa chini. "Nani kakupiga? Tukampige na yeye? Eh? Twende tukampige?" Kilio kikawa kwikwi. Tulisikia kanga ikifungwa, tulisikia mgongo wa mtoto ukipigwapigwa polepole. Kitinda alikuwa ameinama mpaka paji la uso linakaribia kugusa kioo cha kompyuta. Mguu wa meza haukusogea. "Lala, mama," akasema. "Lala. Ukiamka uta..."

Deki ikakoroma. Picha ikajaa mistari, ikawa buluu tupu. Mzee Rewaindi aliruka kuizima, akafungua kifuniko, na utepe ukatoka umejikunjakunja kama matumbo ya kuku. Alichungulia kompyuta, akatuonyesha kwa kidole kwamba imedaka mpaka pale, kisha akatoka akasimama nje mlangoni, ametugeuzia mgongo.

Kitinda hakulia. Alikaa anatazama ile buluu.

"Dada," akasema. "Malizia."

"Nimalizie nini?"

"Alichokuwa anasema."

"Sikijui. Sikuwepo, si umeniona niko uani nafagia?"

"Malizia tu."

Nilitaka kumwambia asinisumbue, kwamba siwezi kumsemea marehemu, kwamba yeye ni mwalimu mzima na watoto wanamsubiri. Nikamtazama kisogo chake, ambacho nilikifundisha kukaa wima, nikakiosha, nikakisuka kila Jumapili mpaka alipoolewa.

"Ukiamka utanikuta hapa hapa," nikasema.

Akafumba macho.

"Tena," akasema.