Achia Hatamu, Mzee Ngeleja

Mayige hakuwahi kuiona bahari, na tanga alilijua kwa jina tu, mpaka siku ile ya gulio mjini Bariadi mkokoteni wa pamba ulipoondoka wenyewe. Mwenye mali alikuwa anakunywa chai. Upepo wa kiangazi uliingia chini ya turubai, turubai likavimba, mkokoteni ukashika njia, ukawapita wauza nyanya na kwenda kuegemea ukuta. Watu walicheka, wengine wakaanza kumtafuta mchawi. Mayige, fundi baiskeli, aliacha tairi aliyokuwa anaziba akabaki kinywa wazi. Tangu hapo hakuwa na akili nyingine ila kuunda gari la kusukumwa na upepo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, pamba ikinunuliwa na kila mwenye mizani, na maduka yakijaa vitu ambavyo zamani ulivisikia kwa waliotoka safari. Imrani, mwenye duka la spea sokoni, alileta beringi na magurudumu ya toroli kutoka Mwanza. Nyamizi, mke wa Mayige na fundi cherehani, alinunua hema la mtumba, akalifumua, akashona tanga. Alisahau kwamba hema lina dirisha la wavu, upepo ukawa unapitia humo kama mgeni aliyekaribishwa, ikabidi azibe kwa kipande cha gunia.

Gari la kwanza lilizunguka kama pia, wakausogeza mlingoti mbele. La pili lilipinduka, likamlaza Imrani kifudifudi na kanzu yake ya Idi, wakarefusha ekseli. La tatu walilikaza hapa, wakalilegeza pale, Jumapili baada ya Jumapili, hadi likaanza kuzipita baiskeli. Raha yake haielezeki! Mayige alikuwa akirudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope, akila ugali huku anacheka peke yake.

Kila kifaa kilitaka jina. Ile kamba ya kuvutia tanga ndiyo iliyoleta ubishi. Imrani, mzaliwa wa Pangani, alisema kwao inaitwa demani. Nyamizi akasema hilo ni jina la ugonjwa. Mayige akakata shauri: hatamu. Alilipenda neno hilo tangu shuleni, enzi walipokuwa wakiimba chama kushika hatamu. Ukivuta hatamu, gari linaongeza mbio. Ukiiachia, tanga linapepea ovyo na gari linasimama. Kwamba hatamu za wanyama hufanya kinyume chake, hakuna aliyeliwaza.

Sasa, uwanja. Uwanda pekee usio na visiki ulikuwa wa Mzee Ngeleja, baba yake Nyamizi, mfugaji na mtu wa plau, mwenyekiti wa kijiji tangu Nyamizi akiwa mgongoni. Na mzee alikuwa ametangaza kwamba atauzungushia miiba, auunganishe na ngitili yake ya jirani, yale malisho anayoyafunga ili majani yaote. Mafundi wa kinu cha pamba cha Maswa walikuwa wameshaalikwa kuja kushindana Saba Saba na gari lao la tanga. Bila uwanja, hakuna mashindano, na kazi yote ile ingeishia kuwa kiota cha kuku. Mayige alikuwa na huzuni ya kweli, ile ya kukosa hamu ya kula.

Jumapili moja mzee alifika mwenyewe, kofia yake ya pama kichwani.

"Mwadila, bhabha," Mayige alimsalimu, akiinama, maana mkwe ni mkwe.

"Mwadila. Ndilo hili?"

Alilizunguka gari kama anavyomzunguka dume mnadani. Akagonga mlingoti, akayakagua magurudumu utadhani meno.

"Uwanja nitawanyima," alisema. "Lakini sinyimi kabla ya kukagua, msije mkasema mzee hakuelewa. Nipandisheni."

Mayige akamkalisha. "Miguu inaelekeza gurudumu la mbele, bhabha. Na hii ya mkononi ndiyo hatamu."

"Hatamu naijua. Nilizishika kabla hujazaliwa."

Maelezo ya kusimama yalimkwama Mayige kooni. Nani atamfundisha mwenyekiti hatamu?

Upepo ukaja, gari likaondoka taratibu, kisha likachanganya. Mzee alipiga kelele ya furaha kama kijana kwenye ngoma. Halafu akaiona mbele yake miiba ya ngitili yake mwenyewe. Akafanya ambalo mtu yeyote wa plau angelifanya: akavuta hatamu. Gari likaruka. Akavuta zaidi, likazidi kukimbia, ng'ombe wakatawanyika mikia juu.

"Achia hatamu!" Mayige alipaza sauti akikimbia nyuma yake. "Mzee, achia hatamu!"

Na vyama vingi ndiyo kwanza vimeingia. Juzi tu vijana walikuwa wamepita kijijini na kipaza sauti wakiwaambia wazee maneno hayohayo.

"Niachie hatamu?" sauti ya mzee ilirudi na upepo. "Nimwachie nani? Wewe?" Akaikamata kwa mikono miwili.

Nyamizi, aliyemjua baba yake, akakusanya khanga na kupiga ukelele: "Bhabha! Kofia yako inaruka!"

Kofia ilikuwa imetulia kabisa. Lakini mikono yote miwili ya mzee ilikwenda kichwani. Kamba ikaponyoka, tanga likapepea, gari likapunguza mwendo na kusimama karibu kabisa na miiba.

Mayige alifika akihema, moyo umemshuka. Uwanja umekwenda, na mzee ameona ametukanwa mbele ya watu. "Nisamehe, bhabha..."

"Limesimama," alisema mzee, mikono ingali kwenye kofia.

"Ndiyo, bhabha."

"Nilipong'ang'ania, lilikimbia. Nilipoachia, limesimama."

"Ndiyo."

Mzee aligeuza gurudumu, miiba ikawa ubavuni. Akavuta kamba kidogo, gari likajongea. Akaiachia, likatulia. Akarudia, kisha akacheka hadi machozi yakamtoka. "Ng'ombe wa namna hii sijapata kumwona! Mmekosea jina tu. Miiba itasubiri. Jumapili na Saba Saba uwanja ni wenu."

Mayige nusura amkumbatie, akakumbuka ni mkwe.

Saba Saba ilipofika, watu wa Maswa walijipanga na gari lao tayari, upepo mzuri, watu wamejaa. Wakangoja. Gari la Bariadi lilikuwa bado linakwenda na kurudi uwandani, na juu yake Mzee Ngeleja, kofia ameifunga kwa uzi chini ya kidevu.

"Mwambie aachie," Imrani alinong'ona.

"Mwambie wewe," alijibu Mayige.